Usiuache mwalo nje ya mlango wa usaili

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi hapa Nyegezi, kwa vijana wanaotafuta kazi na wale wanaokaribia kuhitimu. Wengi mlikosa nafasi ukumbini, wengine mlikuwa safarini. Naiweka yote kama nilivyoisema.

Mheshimiwa Diwani, viongozi wetu wa dini, walimu, wazazi mliofuatana na watoto wenu, na ninyi vijana wangu mliojaza ukumbi huu hadi madirishani: mwangaluka!

Upande huu wa kushoto sijawasikia. Mwangaluka! Haya, wabeja sana.

Kabla sijasema lolote, naomba niwaulize. Wangapi humu ndani mmewahi kuitwa kwenye usaili? Inueni mikono. Naona karibu nusu ya ukumbi. Sasa, wewe ambaye ulirudi nyumbani bila kazi, na mpaka leo hujui ulikosea wapi, usiushushe mkono wako.

Mikono haijashuka. Mikono hiyo ndiyo iliyonileta hapa leo.

Miaka 17 nimekaa upande wa pili wa ile meza. Kazi yangu ni rasilimali watu, kwenye viwanda vya samaki hapa hapa Mwanza, na mara nyingi nimeazimwa kukaa kwenye majopo ya watu wengine. Nimesoma wasifu wa watoto wa Sengerema, wa Ukerewe, wa Magu, wa Misungwi, wa Kwimba. Na kuna jambo moja linaniuma. Watoto wetu wa kanda hii wanaingia kwenye chumba cha usaili wakiwa wameiacha nje mali yao bora kuliko zote. Wanauacha mwalo, ule ufuko wa kushushia samaki, nje ya mlango. Wanaliacha genge la mama. Wanaliacha shamba la pamba walilopalilia tangu darasa la tatu. Wanaingia na cheti mkononi na sentensi za kukariri kichwani, basi.

Nitalirudia hilo. Lakini kwanza tuongee habari ya bahasha.

Kijana mmoja wa kisiwa cha Ukara aliitwa kwenye usaili Dodoma. Mama yake aliuza mbuzi wawili kupata nauli. Kijana akavuka kwenda Ukerewe, akalala Nansio, asubuhi akaja Mwanza kwa meli, akapanda basi la Dodoma. Akafika mapema. Shati limenyooshwa, viatu vinang'aa. Kwenye meza ya uhakiki wakafungua bahasha yake. Cheti cha kuzaliwa, jina la baba lina L. Cheti cha kidato cha nne, jina hilo hilo lina R.

Mnacheka, kwa sababu mnatujua sisi watu wa ziwa na hizo herufi mbili. Yeye hakucheka. Hakuingia ndani. Hakuulizwa swali hata moja. Alikuja kunisimulia mwenyewe, akiwa bado ameishika ile bahasha.

Sasa nawauliza: nani kati yenu amewahi kukaa mezani akavipanga vyeti vyake vyote, akalisoma jina lake herufi kwa herufi, cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, kitambulisho cha NIDA? Fanya hivyo leo usiku. Leo, ndiyo, maana siku utakapoitwa hutakuwa na muda tena. Majina yakipishana, kuna hati ya kisheria ya majina, ile mnayoiita dipoli. Inaandaliwa na wakili, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ni jambo la kurekebishika kabisa, lakini halirekebishiki saa moja asubuhi getini.

Na someni tangazo. Vijana wangu, someni tangazo lote! Sekretarieti ya Ajira, iliyowekwa na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, inapowaita watu kwenye usaili huandika masharti kwenye kurasa za mwanzo kabisa. Vyeti halisi. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki. Kada inayosajiliwa na bodi ya kitaaluma, uje na cheti cha usajili na leseni. Chakula, usafiri na malazi ni juu yako. Ninyi mnafanya nini? Mnaruka moja kwa moja kwenda kutafuta jina. Ukiliona unapiga kelele, unapiga picha ya kioo cha simu, unamtumia mama. Masharti hujayasoma. Na ukumbuke kuhuisha mkoa unaoishi kwenye akaunti yako ya maombi, kwa sababu siku hizi usaili wa mchujo mwingi hufanyika mikoani. Kuna binti nimjuaye alihama Mbeya akaja kuishi Buhongwa, akasahau kubadilisha. Akapangiwa Mbeya.

Mchujo wenyewe sitausemea sana. Ni mtihani, na mitihani mmeifanya tangu mkiwa watoto. Rudi kwenye madaftari yako, soma majukumu yaliyoandikwa kwenye tangazo, kwa kuwa maswali mengi yanatoka humo. Jueni pia kwamba mtu aliyefaulu usaili wa serikali na nafasi zikajaa anaweza kuhifadhiwa kwenye kanzidata, akaja kupangiwa kituo nafasi ikitokea. Kwa hiyo usiitupe simu yako wala kubadilisha namba kwa sababu jina halikutokea mara ya kwanza.

Sasa turudi mwaloni.

Tulikuwa tunatafuta mtunza ghala. Tulikuwa watatu mezani. Saa kumi jioni, joto, tumeshasaili watu kumi. Akaingia wa kumi na moja, binti mwenye stashahada ya ununuzi na ugavi. Tukamwambia, "Tueleze kuhusu wewe." Akasema, nanukuu, "Mimi ni mtu ninayejituma, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu na bila kusimamiwa."

Mnaijua hiyo sentensi? Nani ameiandika kwenye barua yake? Msione haya, naiuliza kwa upendo. Siku ile nilikuwa nimeshaisikia mara tisa tangu asubuhi. Ilikuwa imeshakuwa kama mlio wa feni.

Mwenyekiti wetu alikuwa mhandisi mtu mzima, mtaratibu. Akamwambia, "Binti, tupe siku moja tu uliyofanya kazi katika mazingira magumu. Siku moja." Kimya. Binti akaangalia viatu vyake. Nikaona kabisa kwamba anayo ya kusema, ila anaionea aibu. Mwisho akasema, "Samahani mzee, ninayo, ila ni mambo ya mwaloni tu."

Mhandisi akasema, "Tueleze hayo hayo ya mwaloni."

Basi akaanza. Shangazi yake anaanika dagaa Kayenze na kuwauza Kirumba. Yeye ndiye mshika daftari wa shangazi tangu kidato cha pili. Ninyi mnaotoka visiwani mnajua: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwenye giza. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo mfanyabiashara wa dagaa anaishi kwa kuhesabu mwezi. Mtaji wote unaingia kwenye zile siku za giza. Siku hiyo shangazi alikuwa Geita msibani. Ndoo 60 ziko juu ya chanja na nyingine ziko mchangani. Wingu likasimama ziwani. Maturubai yalikuwa mawili.

Tukamuuliza, "Ukafanya nini?"

Akanyoosha mkono juu ya meza yetu, akaanza kuonyesha kwa kiganja: hawa walikuwa wamekauka siku mbili, hawa siku moja, hawa wametoka majini asubuhi. Waliokauka siku mbili akawakusanya wakafunikwa kwanza, kwa sababu hao ndio wa kuliwa na watu, ndio wenye bei. Wa asubuhi hakuhangaika nao. Alimpigia mnunuzi wa chakula cha kuku kabla mvua haijaanza, akamuuzia kwa bei ya chini wakiwa bado hawajanuka, maana alijua usiku ukipita hata kuku hawatawataka. Wale wa katikati akawagawa kwa majirani wenye kibanda chenye nafasi, kwa makubaliano. Kila ndoo ikaandikwa: imeenda wapi, kwa nani, kwa shilingi ngapi. Shangazi aliporudi alikuta faida hakuna, lakini mtaji wake uko mzima kwenye daftari. Na giza lililofuata walikuwa na maturubai sita.

Mhandisi aliiweka kalamu chini.

Nisikilizeni vizuri hapa. Huyo mtoto alikuwa ametueleza nini? Alitueleza kupanga mzigo kwa thamani. Alitueleza kuamua kipi kiokolewe wakati vifaa havitoshi. Alitueleza kuzuia hasara, kutunza kumbukumbu, kujifunza kutokana na lililotokea. Hiyo ndiyo kazi ya mtunza ghala, yote, kuanzia juu mpaka chini. Nikaufungua wasifu wake kwenye sehemu ya uzoefu wa kazi. Mnajua alikuwa ameandika nini? Neno moja. Hakuna.

Hakuna!

Miaka sita ya daftari la shangazi, ameiita hakuna. Nani aliwafundisha kwamba kazi isiyokuwa na kitambulisho cha shingoni si kazi? Wewe mhazini wa kwaya, umeshika fedha za watu 40 na hazijapotea, hiyo ni nini? Wewe uliyeendesha bodaboda pale Igoma ukawa na wateja wa kudumu wanaokupigia simu alfajiri, waliokuamini hao walikuamini kwa lipi? Wewe unayeandika kikoba cha mama kila Jumapili? Wewe uliyefundisha hisabati watoto wa mtaani likizo nzima? Usiuache mwalo nje ya mlango. Ingia nao.

Lakini ingia nao ukiwa umeupanga, kwa sababu stori isiyopangwa nayo inachosha. Yule binti bila kujua alifuata njia ambayo sisi wasaili tunaitafuta. Hali ilikuwaje. Wewe ulikuwa na jukumu gani. Ulifanya nini. Ikawaje. Chukua daftari, andika matukio matano au sita ya maisha yako kwa mpango huo: siku ulipokosana na mwenzako kazini, siku ulipokosea na ukarekebisha, siku kitu kilipopungua, siku ulipoongoza. Yaseme kwa sauti mpaka kila moja litoshe dakika mbili. Maswali yatakuja kwa maneno tofauti, lakini matukio hayo hayo yatakujibia mengi.

Na kwenye "ulifanya nini" ndipo wengi wenu mnapoanguka. Mnasema, "Tulikusanya, tukafunika, tukauza." Sisi nani? Jopo haliajiri ukoo, linaajiri wewe. Najua tunakotoka. Tumelelewa na methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni malezi mazuri na sitaki muyatupe. Lakini kizuri kinahitaji muda ili kijiuze, na pale ndani una dakika 15, mbele ya watu wasiomjua baba yako wala mtaa wako. Kusema "mimi nilimpigia mnunuzi" siyo majivuno ikiwa kweli ulimpigia wewe. Ni taarifa. Majivuno ni kusema uliyapata maturubai yote sita peke yako. Na uongo wa namna hiyo tunaukamata kirahisi mno, kwa swali la pili. "Turubai moja lilikuwa shilingi ngapi?" Aliyekuwepo anajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Binti yule alianza kazi tarehe mosi ya mwezi uliofuata.

Jambo lingine ni usilolijua. Hapa nitasema la kwangu.

Usaili wangu wa kwanza kabisa, kwenye taasisi ambayo sitaitaja, mjumbe mmoja aliniuliza kuhusu sheria ya kazi. Sikuijua. Nilikuwa na miaka 24, nimefunga safari ya usiku, nyumbani wananisubiri. Nikatunga. Nikataja kifungu ambacho hakipo, nikaeleza kinasema nini, nikaongeza na mfano. Mjumbe akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akafunga faili langu polepole, akasema "Asante." Walibaki na maswali mengine. Hawakuyauliza. Ule mlio wa faili kufungwa ninausikia mpaka leo ninapofungua la mtu mwingine.

Nilidhani nimeshindwa kwa sababu sikuijua sheria. Nilipokaa upande wa pili wa meza ndipo nikaelewa. Sheria ningefundishwa. Lakini mtu anayetunga jibu mbele ya jopo, kesho atatunga hesabu za ghala, atatunga joto la chumba cha kugandishia samaki, na shehena nzima itarudishwa. Hofu yetu ni hiyo. Kwa hiyo ukiulizwa usilolijua, sema: "Hilo sina uhakika nalo. Ningelitafuta sehemu fulani, au ningemuuliza fulani. Ninachokijua kinachokaribiana nalo ni hiki." Sema ukiwa umenyanyua uso. Nimewapa alama watu wengi kwa jibu hilo.

Na Kiingereza. Ndiyo, usaili mwingi bado unafanyika kwa Kiingereza, na najua kuna kijana hapa moyo umeanza kumdunda niliposema hivyo. Usitafute maneno makubwa. Sentensi fupi, moja baada ya nyingine. Swali hukulielewa, omba lirudiwe. Hakuna anayekukata alama kwa hilo. Na ufanye mazoezi kwa mdomo, siyo kwa macho. Namjua kijana wa ng'ambo ya Kamanga aliyevuka na kivuko kila siku kuja mjini. Mwezi mzima alikuwa anasimama pembeni kabisa ya kivuko, injini inaunguruma, anajisaili mwenyewe kwa sauti. Anauliza, anajibu. Watu walimwangalia vibaya siku mbili tatu, wakamzoea. Siku ya usaili mdomo wake ulikuwa umeshaipita ile njia mara nyingi.

La mshahara nitalipitia haraka. Serikalini ngazi imeandikwa kwenye tangazo, TGS fulani, hakuna la kujadili. Kwenye sekta binafsi, waulize wanaofanya kazi hiyo kabla hujaenda, utaje kiwango cha kuanzia na cha kuishia. Ukiulizwa "Una swali kwetu?" usiseme huna. Uliza: "Miezi mitatu ya kwanza mtanipima kwa lipi?" Jibu lake litakufaa siku ukiajiriwa.

Sasa naomba utulivu, maana hili la mwisho ni zito. Wazazi, nisikilizeni nanyi.

Binti mmoja alipigiwa simu. Akaambiwa wasifu wake umependwa, nafasi ni yake, bado usaili mdogo tu. Aje saa moja usiku, gesti fulani, "bosi yuko pale kikazi." Alikuwa na miezi 14 hana kazi. Alinipigia akiniuliza, "Mama, niende? Labda ni kweli."

Wanangu, usaili hauna gesti. Usaili hauna saa moja usiku. Usaili una barua au ujumbe rasmi, una ofisi, una jopo. Nilimwambia aombe barua ya wito yenye anuani ya ofisi. Alipoiomba, simu ile haikupigwa tena.

Kuomba ngono ili kumpa mtu ajira ni kosa la jinai katika nchi hii. Liko kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113, haikatwi fedha. Iandikeni sasa hivi, nasubiri. Moja, moja, tatu. Na wavulana muandike, maana mna dada.

Kuna na yale maswali. "Umeolewa? Una mpango wa kuzaa lini?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kubagua kwa ujauzito, kwa ndoa, kwa jinsi, kwa ulemavu, na inamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Ukiulizwa, unaweza kujibu kwa heshima kabisa: "Hakuna jambo la nyumbani litakalonizuia kutimiza majukumu ya kazi hii," ukanyamaza. Wala usimlipe mtu yeyote fedha ya fomu, ya sare, ya kupimwa afya, ya "kuharakisha faili," ili uitwe kwenye usaili. Mimi nimeajiri watu miaka 17. Sijawahi kumtoza mwombaji hata shilingi.

Nimesema ya kutosha. Tuna saa moja kabla ukumbi haujahitajika na watu wa harusi, na sitaki muimalize mkinisikiliza. Geuzeni viti, kaeni wawili wawili, mtu na asiyemjua. Mmoja ni jopo, mwingine ndiye ameitwa. Dakika mbili kila mmoja, kisha mnabadilishana. Walimu na mimi tutapita katikati.

Wewe kijana wa shati la kijani pale nyuma, uliyeniambia asubuhi mlangoni kwamba umeshona nyavu tu tangu umalize chuo. Njoo hapa mbele, chukua kipaza sauti. Sisi wengine tunaanza na wewe.

Karibu, kaa. Tueleze kuhusu wewe. Anza na wavu.